Eleuterio Pagán Maldonado na Watu Kumi na Mmoja Aliowabeba (1952–2019)

Ndugu zetu wa damu, majirani wa mtaa wetu wa Loisaida, na ninyi nyote mliokuwa mkigombea viti vya mbele kila Desemba, asanteni kwa kuja. Naitwa Yarelis, binti wa Providencia, dada yake marehemu. Niliishi na mjomba nyumba moja miaka yake mitano ya mwisho, ndiyo maana nimepewa kazi hii ya kusoma habari za maisha yake. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo palipopinda mtapanyoosha wenyewe.

Niseme mapema jambo linalonisumbua, msije mkashangaa mbele. Mjomba aliniachia ombi moja tu kuhusu karatasi hii. Alitaka kwenye orodha ya waliobaki, mtu mmoja aandikwe pamoja na sisi wa damu, kwa jina lake kamili la ubatizo. Mtu huyo yuko hai, na ameniomba nisimtaje. Tangu Ijumaa niko katikati yao, mmoja hasemi tena na mwingine hataki kusemwa.

Mjomba Eleuterio, Tello wetu, alizaliwa Jumatano, tarehe 20 Februari 1952, huko Guilarte, milimani Adjuntas, kisiwani kwetu Puerto Rico. Alikuwa mtoto wa tatu wa Ramón Pagán, mchuma kahawa, na Eduvigis Maldonado. Bibi hakuwa amechagua jina. Alitazama kalenda ya watakatifu iliyotundikwa jikoni, akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Eleuterio, ikawa basi. Mjomba alikuwa akisema, "Ningechelewa wiki moja ningeitwa Baldomero. Baldomero nani angempenda?" Mwezi Januari 1959 familia ilihamia New York, mtaa wa Nne Mashariki, ghorofa ya tano, nyumba isiyo na lifti. Nyumba hiyo ndiyo aliyoishi hadi mwisho.

Shule alianza hapahapa mtaani akiwa na miaka sita, hajui neno la Kiingereza. Mwalimu wake alishindwa na jina la Eleuterio, akamwita Terry. Miaka mitatu mtoto akaitika Terry. Mama anasimulia kwamba siku moja, mwalimu akiita majina, mjomba alisimama akasema kwa adabu, "Terry hajaja leo, mwalimu. Anaumwa. Mimi ni Eleuterio, nimekuja kumwombea ruhusa." Darasa zima likaangua kicheko. Alichapwa rula kwenye vidole, lakini tangu siku hiyo mwalimu akajifunza kulitamka. Aliacha shule darasa la kumi, mwaka 1968, babu alipoumia mgongo.

Mwaka 1971 aliajiriwa na mzee Saturnino Vélez kwenye duka la mashada ya mazishi, Avenue C. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na miwili, mpaka duka lilipofungwa mwaka 2003. Wengine walipanga maua. Yeye alibandika herufi za dhahabu kwenye utepe, moja moja, kwa gundi na pasi ya moto. Alijivunia kwamba hakuwahi kukosea jina la mtu.

Kuanzia kama mwaka 1982, alisema, utepe ulibadilika. Zamani majina yalikuwa ya wazee. Sasa yalikuwa ya vijana wa miaka ishirini na minne, thelathini, thelathini na mmoja, na wengi wao alikuwa akiwajua. Walikuwa waimbaji wa baa, wacheza ngoma, wachoraji, watunga mashairi wa hapa mtaani, wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake, watu ambao magazeti hayakuwahi kuwaandika hata walipokuwa wazima. Kijana angekuja dukani, aombe utepe wenye maneno "Mpenzi wangu". Kesho yake mama wa marehemu angepiga simu: ondoeni utepe huo. Kuna siku mjomba aliubandua utepe mmoja na kuubandika tena mara tatu kabla ya saa sita mchana, mama anatoa, mpenzi anarudisha, hadi mzee Saturnino akasema, "Tello, weka maua, maneno achana nayo." Mjomba aliyasimulia hayo akicheka, lakini nilimwona, akifika kwa yule kijana aliyerudi mara ya tatu, alikuwa akianza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

Kuhusu ndoa, mjomba hakuoa wala hakuolewa kwa cheti. Sheria ilipowaruhusu, mwaka 2011, alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alisema, "Wamefungua mlango na mimi miguu imeshachoka foleni." Lakini alikuwa na mtu. Kuanzia Juni 1982 hadi Novemba 1988 aliishi nyumba hii hii na fundi wa vikaragosi, kijana wa Bronx, mdogo kwake kwa miaka mitatu. Nitamwita hivyo tu, fundi. Alitengeneza vikaragosi kwa soksi, vijiko na makopo ya maziwa, akawachezea watoto kwenye viwanja vitupu vya mtaa, pale majumba yalipoungua. Wote wawili walitumia gundi. Mjomba alisema nyumba nzima ilinata, ukikaa kitini unainuka nacho.

Novemba 1988 fundi alilazwa. Wengi wenu mnakumbuka ilivyokuwa kwenye wodi zile za UKIMWI. Muuguzi mmoja aliogopa kuingia. Akavaa glavu, akavaa na kitambaa usoni, akaisukuma sinia ya chakula kwa mguu mpaka mlangoni. Fundi alikuwa hawezi kuinuka. Akavuta soksi yake ya mguuni, akaivaa mkononi, ile soksi ikamwambia muuguzi, "Dada, niletee mimi hicho chakula. Mimi soksi, siambukizwi." Muuguzi alicheka mpaka akakivua kitambaa, akaingia. Baada ya wiki tatu familia ya fundi ilikuja kumchukua, ikampeleka kwa mama yake. Mjomba alipopiga simu aliambiwa, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Alipiga tena Krismasi. Waliikata kabla hajamaliza salamu.

Halafu, Jumanne tarehe 14 Februari 1989, duka limejaa mawaridi mekundu ya wapendanao, iliingia oda ya shada moja kutoka Bronx. Jina la fundi, majina yote matatu, na neno "Pumzika". Hakuna "mwana", hakuna "ndugu". Mjomba alizibandika herufi zile mwenyewe, hakumpa mtu. Alhamisi alikwenda Bronx, akasimama ng'ambo ya barabara kwa sababu asingeruhusiwa kuingia mazishini. Aliona sanduku limefungwa. Miaka ile, sanduku la kijana likifungwa, watu wetu hawakuuliza. Akarudi nyumbani akiwa mjane, na hakuna aliyempa pole ila mzee Saturnino, aliyempa siku mbili za mapumziko na sahani ya wali wa mbaazi.

Onyesho lake lilianza Desemba 1994, kwenye ukumbi wa viti arobaini nyuma ya dobi wa Avenue B. Aliliita "Kumi na Mmoja". Alisimama peke yake na aproni yake ya dukani na kiti kimoja, akawa watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Masharti yalikuwa matatu: uwe umekufa kwa UKIMWI, uwe msanii ambaye gazeti halikumwandika, na awepo mtu wa kumletea mjomba kichekesho ulichokisema wewe mwenyewe kwa kinywa chako. Wakija watu na machozi aliwaambia, "Ya kulia pelekeni kanisani. Mimi nileteeni alichowachekesha." Alizunguka miaka mitano kuvikusanya, kwa akina mama, kwa wenye nyumba, hata kwa padri mmoja.

Kwa ambao hawakuwahi kuja, niwape vitatu. Lisandro Cotto, aliyeimba Jumapili kwenye baa akiwa na gauni, alifariki mwaka 1986. Padri alimwinamia kitandani akamuuliza, "Je, unamkataa Shetani na fahari zake zote?" Lisandro akafumbua jicho: "Zote, baba? Hata viatu vyekundu?" Milagros Oquendo alichora milango ya watu, nyumba kwa nyumba, na daktari alimwambia kwamba wanawake hawaupati ugonjwa ule. Akamjibu, "Basi niandikie cheti, daktari, nikavionyeshe virusi." Alifariki mwaka 1991. Na Wendell Tibbs, aliyecheza ngoma, ugonjwa ulipompofusha alikuja mazoezini akakaa kitini, akawaambia wenzake, "Anzeni. Mungu ameniondolea adhabu ya kuwatazama."

Fundi wa vikaragosi alikuwa wa saba, na watu walimsubiri yeye. Mjomba alikaa kitini, akavua soksi, na kabla soksi haijasema neno ukumbi ulikuwa umeshaanza kucheka na kulia.

Nilifika kutoka Adjuntas mwaka 2014, nikiwa na miaka ishirini, na mwanangu Joriel akazaliwa miaka miwili baadaye katika chumba ambacho mjomba alinipa. Alinipokea bila swali. Kila asubuhi nilimsalimu kwa desturi yetu, "Baraka, mjomba," naye angejibu, "Mungu akubariki, na akuongezee usingizi." Nilipokuwa nikinyonyesha jikoni alikuwa akifanya mazoezi mbele ya jiko, na mtoto akajifunza kucheka kwa soksi ile kabla hajajua kukaa.

Jumamosi tarehe 2 Desemba 2017 nilikuwa mlangoni na mtoto kiunoni, onyesho limekwisha, watu wanavaa makoti. Msichana mmoja mwanafunzi alimfuata mjomba.

"Samahani, mzee. Ile ya soksi umeitoa wapi?"

"Kwa mwenyewe. Na muuguzi aliyekuwepo alinithibitishia."

"Kwa sababu baba yangu wa kambo huwa anatufanyia hiyohiyo. Tulipokuwa tukiogopa sindano. Anavaa soksi anasema, niletee mimi, mimi soksi, siambukizwi." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Na jina ulilolitaja… ni lake."

Mjomba alimwambia yako majina yanayofanana. Msichana akamwonyesha picha kwenye simu. Mjomba aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, na mimi nikadhani moyo umemsimama. Kisha akasema, polepole, "Jamani. Nimemzika baba mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba wa fundi, mwenye majina yaleyale matatu, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi Februari 1989, uso ukaharibika, sanduku likafungwa. Fundi alikuwa hai wakati huo, amebaki mifupa, na aliendelea kuwa hai mpaka dawa zikaja mwaka 1996. Alihama jiji, akaokoka, akamwoa mjane mwenye binti mmoja, wakapata watoto wawili wa kiume. Mkewe anaujua ugonjwa. Hamjui Tello.

Walikutana Jumamosi tarehe 10 Machi 2018, kwenye duka la mikate la mji mmoja, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka hapa. Mjomba aliniomba nimsindikize kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Nilikaa meza ya pili, nikimlisha Joriel mkate uliochovywa kwenye maziwa, na nikasikia yote. Ninayaandika kwa ruhusa.

"Umezeeka vibaya," fundi alisema.

"Na wewe umekufa vizuri. Hebu ona mashavu hayo. Maiti gani ina mashavu?"

Walicheka, wote wawili, mpaka mwenye duka akageuka kutazama. Fundi ndiye aliyeacha kwanza.

"Nilikuona, Tello. Siku ile. Ulisimama mbele ya duka la viatu, umevaa koti la kijani. Mimi nilikuwa ndani ya gari na mama."

"Nilikuja kukuzika."

"Najua. Niliona shada, nikazijua herufi zako. Hakuna mwingine anayezipanga vile."

"Si ungeshusha kioo?"

"Mama alikuwa amenishika mkono. Akaniambia, Mungu amemchukua mmoja, wewe akikubakiza uwe mtu mwingine. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na kilo arobaini na tano, sikujiona nikifika Pasaka. Nikasema mwache alie mara moja, yaishe."

"Mara moja?" mjomba akasema. "Nimekulilia kila Desemba miaka ishirini na minne, mbele za watu, na wananipigia makofi."

Kahawa ikapoa. Halafu fundi akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Uliniweka wa ngapi?"

"Wa saba."

"Wa saba! Wa mwisho nani?"

"Wendell."

"Wendell alikuwa hajui hata kuchekesha."

"Anafunga kwa kucheza. Wewe ungefunga onyesho na soksi?"

"Ningefunga vizuri sana," fundi akasema, na hapo ndipo nilipomwona yule kijana wa viwanja vitupu, mara moja tu. Akajifuta mdomo. "Nitoe, Tello."

"Nitakutoa. Ila nikifa, nataka uandikwe. Si kwa waliokufa. Kwa waliobaki."

"Nina mke. Nina vijana wanafundisha Jumapili kanisani. Wewe hujui ninavyoishi."

"Yule uliyekuwa zamani namjua."

"Huyo ndiye aliyekufa."

Ndani ya basi mjomba alimpakata Joriel njia nzima, akaniambia mara moja tu, karibu na daraja, "Waliokufa najua kuwalilia, Yarelis. Aliye hai sijui nianzie wapi."

Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 1 Desemba 2018. Mlikuwepo wengi. Alipofika wa saba alikaa kitini, hakuvua soksi. Alisema, "Hapa nilikosea. Miaka yote hii niliwadanganya, nikidhani ni kweli. Huyu yuko hai. Msiniulize zaidi." Wale wazee wa mbele wakasimama, wakapiga makofi na kupiga miguu, wanakumbatiana, kwa sababu katika miaka yote ya kutaja majina ya wafu wetu hakuwahi kurudi hata mmoja. Na katikati ya kelele zile sauti ikatoka nyuma, ya mzee ambaye sikumwona uso, "Tello! Hebu kaangalie na hao kumi!"

Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Mjomba alisimama pale na aproni yake, anatazama huko nyuma, akasema, "Nimeangalia, ndugu yangu. Nimeshaangalia." Akaendelea na wa nane.

Sasa ugonjwa na kifo chake. Mama yangu, dada yake, aliniambia kwa simu kutoka Adjuntas, "Mwanangu, andika figo. Figo ni kweli, si uongo." Ni kweli, na nimeandika: figo zilishindwa kuanzia kiangazi cha 2018, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Lakini mjomba alikuwa ameniambia, "Usije ukaniandikia kuugua kwa muda mrefu. Maneno hayo nimeyabandika mara mia nne." Kwa hiyo, mama, nisamehe. Eleuterio Pagán aliishi na virusi vya UKIMWI miaka thelathini na miwili, tangu alipopimwa Mei 1987, na dawa zilizomwokoa ndizo zilizomchosha figo. Nilipomsomea mama sehemu hii aliniuliza tu kama nimeweka ile ya Terry. Nikamwambia nimeiweka. Akasema, "Haya."

Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kitandani kwake, ghorofa ya tano. Alikuwa ameomba barafu ya kunyonya. Nilipotoka jikoni na bakuli alikuwa ameshaondoka. Joriel alikuwa amekaa miguuni pake, anamwonyesha gari lake la plastiki.

Ijumaa nilimpigia fundi. Alipokea kwa sauti ya kanisani, kisha nikasikia mlango, akatoka nje. Sikujua nimwite nani. Nikasema, "Baraka, mjomba." Nikafikiri amekata.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema.

Nilimpa habari. Aliuliza kama aliumia. Nikasema kidogo, alfajiri. Nikamwambia mazishi ni Jumanne saa nne, na nikamweleza ombi la mjomba, japo alilijua.

"Sema alikuwa na mtu," akasema. "Sema huyo mtu alikaa ndani ya gari, kioo juu, akaona, akanyamaza. Hilo liseme, nastahili. Jina liache."

"Yeye alitaka jina."

"Najua alichotaka. Alikitaka hichohicho tangu mwaka themanini na mbili, kunishika mkono barabarani mchana kweupe."

"Utakuja?"

"Jumanne nina…" akasema. Hakumalizia Jumanne ana nini. Nilimsikia anapumua, na mbwa wa jirani anabweka, kisha akaniaga vizuri, kwa jina langu.

Nimefikiri sana, nikimkogesha mtoto, nikikunja nguo za mjomba. Mjomba alitumia maisha yake kuwataja watu ambao familia zao hazikutaka watajwe, na nadhani alifanya haki. Lakini wale kumi hawakuweza kumwambia ndiyo wala hapana. Ilibidi mtu aamue kwa ajili yao. Huyu anaweza kusema hapana, na ameisema. Jina mlilisikia jukwaani, lakini karatasi husafiri. Nikiliandika nitakuwa nimemtimizia mjomba, na kesho kutwa wako vijana wawili watakaosoma habari za baba yao kwenye karatasi ya mazishi ya mtu wasiyemjua. Nisipoliandika, nitakuwa nimefanya kile ambacho mama za marehemu walikifanya kwa simu dukani kwa mzee Saturnino. Sikupata njia isiyomuumiza mtu. Nimechagua, na mjomba kama amekasirika anajua ninapolala.

Marehemu Eleuterio Pagán Maldonado, aliyeishi miaka sitini na saba, amewaacha: dada yake Providencia, wa Adjuntas, kaka yake Gumersindo, wa Orlando, mimi mpwa wake Yarelis, mjukuu wake Joriel, wa miaka mitatu, na

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Mpiga chapa alinipigia kuniambia nimesahau kujaza mstari huo. Nilimwambia auache kama ulivyo. Sijui kama mwenyewe yuko nasi hapa leo. Nikifika kwenye mstari huu nitanyamaza, na ninawaomba nanyi mnyamaze na msigeuke kutazama nyuma. Akisema, tutakuwa tumesikia. Asiposema, nitakunja karatasi, tutamshusha mjomba taratibu, na nafasi ya mwenzake tutaiacha wazi.

Mungu ampumzishe Eleuterio, na amsamehe yule aliyebaki.